Wadogo zake Rehema: jinsi ya kuwapa mapacha wa kiume majina yanayokaa vizuri na la mkubwa wao

Mpimaji wa ultrasaundi alinyamaza kidogo, akasogeza tena kile kifaa tumboni, kisha akasema, "Mama, hapa wapo wawili. Na wote wanaume." Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni ameshika mkoba wangu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Jina tunalo moja."

Hilo moja lilikuwa Fadhili. Binti yetu Rehema, wakati huo ana miaka mitano, tulikwisha kumwahidi kwamba ndilo jina la mdogo wake, na alikuwa amelitangaza mtaa mzima. Sasa wadogo wamekuwa wawili, na tumebakiwa na miezi kama mitatu ya kutafuta jingine.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi hapa Mwanza. Nyumbani kwetu ni Muheza. Mume wangu ni Msukuma wa Magu. Faida yangu ni kwamba kila asubuhi nasoma majina ya watu kwenye daftari la mahudhurio, nikisikia lipi linaitika na lipi linazua vicheko. Hasara yangu ni ukoo wa pande mbili, kila upande una majina yake mfukoni. Haya ndiyo tuliyofanya, pamoja na tuliyokosea, kwa yeyote mwenye mtoto mmoja nyumbani na wavulana wawili njiani.

Anza na jina lililokwisha kuitwa

Ukisema tu "mapacha", watu wanakutajia jozi. Petro na Paulo. Hassan na Hussein. Brayden na Jayden. Jozi ni tamu mdomoni, lakini ni kama chumba chenye vitanda viwili: mkubwa akija anasimama. Hebu taja Petro na Paulo, halafu weka dada yao Zawadi mbele. Wawili wana hadithi yao moja, na Zawadi ana yake peke yake.

Kwa hiyo nilijiwekea sharti. Sitafuti majina ya mapacha. Natafuta majina mawili ya wadogo zake Rehema. Jina lolote lililoletwa nililiweka kwanza kando ya la Rehema, likiwa peke yake, bila pacha mwenzake. Rehema na Daudi. Rehema na Kelvin. Rehema na Amani. Likishindwa hapo, safari yake imeishia hapo. Likipita, ndipo nalipeleka kwa Fadhili tuone kama watapatana.

Angalia mkubwa amepewa jina la namna gani. Rehema ni neno la Kiswahili la kila siku, maana yake haihitaji mkalimani, na ni jina linalovaliwa kanisani na msikitini bila mtu kugeuka. Wenzake wa aina hiyo ni kina Baraka, Tumaini, Faraja, Amani, Fadhili, Shukuru. Kama mkubwa wenu ni Masanja au Nyamizi, jina la ukoo, basi wadogo nao wangepata la ukoo, angalau moja kwa kila mmoja. Kama mkubwa ni Mohamedi au Elizabeti, tayari mmekwisha kuonyesha mnaelekea wapi. Sisemi wote wavae sare. Nasema tu kwamba watoto wa nyumba moja, majina yao yakitajwa na mtu asiyewajua, asidhani ni wageni waliokutana stendi.

Jozi yenyewe si dhambi, mradi mkubwa awe ndani yake. Musa na Haruni, kwa mfano, hawakuwa mapacha: Biblia inamweka Haruni miaka mitatu mbele, themanini na mitatu kwa themanini walipokwenda kwa Farao. Lakini walikuwa na dada, Miriamu, na dada huyo ndiye anayefikiriwa kuwa yule aliyesimama kando ya mto kuangalia kile kisafina cha mdogo wake kitafikia wapi. Mwenye binti aitwaye Mariamu akipata wavulana wawili, Musa na Haruni yanamkaribisha dada badala ya kumfungia nje. Kwa Waislamu ni hivyohivyo kwa Hassan na Hussein kama mkubwa ni Zainabu, kwa kuwa walikuwa na dada wa jina hilo. Na wengi wanasahau kwamba Hassan na Hussein nao hawakuwa mapacha. Mmoja alizaliwa mwaka 625, mwingine 626.

Maana ya jina la mkubwa isije ikageuka kidonda

Hili nililijifunza darasani. Nilikuwa na mwanafunzi aitwaye Masumbuko. Wadogo zake mapacha walikuwa Baraka na Bahati, darasa la kwanza, na walikuwa wakimsubiri getini kila mchana. Siku tuliyosoma somo la majina na maana zake, alibaki dawatini wenzake walipotoka mapumziko. "Mwalimu," akaniuliza, "mimi nilizaliwa siku mbaya?"

Majina kama Masumbuko, Tabu, Shida, Mashaka na Sikujua ni ya heshima. Yanatunza habari ya nyumba: njaa, msiba, mimba iliyotesa. Akiwa peke yake, Tabu hana tabu na jina lake. Ukimletea wadogo wawili, mmoja Raha na mwingine Furaha, umemwandikia barua ambayo ataisoma siku moja. Kama mkubwa wenu ana jina la aina hiyo, wape wadogo majina yasiyoshindana na lake kwa maana: la babu, la siku, la mtume, la mahali.

Upande wa pili nao upo. Mkubwa akiwa Malkia, usiwape wadogo majina yatakayowafanya wapagazi wake.

Silabi ya pili kutoka mwisho

Hapa naomba mnivumilie, ndiyo kazi yangu.

Kiswahili kinatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Ukimwita mtoto aliye mbali, silabi hiyo ndiyo unayoivuta, na ndiyo inayofika. Hakuna mzazi anayeita "Rehema" akiwa jikoni, anaita "Reheeeema!" Re na ma hupotelea njiani, kinachomfikia mtoto kule kwenye mwembe ni HE. Kwa hiyo usilinganishe majina yalivyo kwenye karatasi. Linganisha silabi hizo moja moja.

Mimi nilikuwa nimependa Imani na Amani. Yanapendeza kuandika, yanapendeza kuimba. Lakini i-MA-ni, a-MA-ni: ukiyavuta, yote ni "maaaa". Tulifanya jaribio. Nilisimama mlango wa jikoni, redio inaimba, mume wangu kule kwenye tangi la maji mwisho wa uwanja na kalamu na karatasi. Nikaita mara kumi, nikichanganya, yeye akaandika alichosikia. Mara nne alikosea. Na huyo ni mtu mzima anayesikiliza kwa makusudi. Mtoto anayetafuta kisingizio cha kutokuitika angekosea zote kumi.

Neema na Rehema vilevile: ne-E-ma, re-HE-ma. Gabrieli na Danieli: mwisho mmoja, mkazo mmoja. Hasani na Huseni, kama tunavyoyatamka huku, yanaanza na herufi moja, yanaisha na silabi moja, na katikati ni SA kwa SE. Ninyi mnaoyapenda, wapeni, ila mjue mtarudia kuita.

Tulichotafuta ni irabu tatu tofauti kwenye mkazo. Rehema ina E. Fadhili ina I. Ikabaki A, O au U. Ndipo Amani, akiwa ameachana na Imani, aliporudi mezani: E, I, A. Reheeema, Fadhiiili, Amaaani. Safari hii mume wangu kule tangini hakukosea hata mara moja, ingawa redio niliiongeza sauti.

Halafu jaribu kuyaita kwa hasira, na kwa haraka, yote matatu, mkubwa akiwa wa kwanza. Nyumbani watoto huitwa kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo jina la mkubwa daima ndilo litakalofungua. "Rehema, Fadhili, Amani, njooni mle!" Kisha geuza mapacha: "Rehema, Amani, Fadhili." Kama ulimi unajikwaa kwa mpangilio mmoja, jua mapacha hawakuambii mapema nani atatangulia.

Kuna na jambo la R na L. Kisukuma hakina R. Bibi yake Rehema kule Magu anamwita "Lehema", na Baraka angekuwa "Balaka". Kwetu si tatizo, ni raha tupu kumsikia, lakini nilipendelea wadogo wawe na majina ambayo bibi anayatamka kama yalivyo. Angalia na ulimi wa mkubwa mwenyewe. Yeye ndiye atakayeita majina hayo kuliko mtu yeyote, na ana miaka mitano na mapengo mawili mbele.

Mkato nao uusikilize, maana mtaa hautakuomba ruhusa. Samweli na Samsoni wote watakuwa Samu kabla ya kuanza kutambaa. Abdallah ni Dulla, na Abdulkarim akizubaa ni Dulla pia. Fadhili anakuwa Fadhi, Amani anabaki Amani. Hapo tulipita.

Kulwa na Doto

Wiki ya pili baada ya kile kipimo, mama mkwe akapiga simu kutoka Magu. Habari ilikwisha kumfikia, hatukumwambia sisi. Baada ya salamu ndefu akaniambia, "Mama Lehema, majina yapo. Kulwa na Doto. Sasa mnatafuta nini?"

Wasiojua: kwa Wasukuma na Wanyamwezi pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, awe wa kike au wa kiume. Mtoto atakayezaliwa baada yao ni Shija. Hakuna kikao. Hali ni hiyohiyo kwa majirani zetu: Wajaluo wa Rorya na ng'ambo ya Kenya wana Opiyo aliyewahi na Odongo aliyebaki nyuma, kisha Okelo anawafuata, Warundi wana Bukuru na Butoyi, Waluba wa Kongo wana Mbuyi na Kabanga, Waganda, wakiwa wavulana, Waswa na Kato.

Kama mwalimu, niliyavulia kofia majina haya kabla ya kuyabishia. Sikiliza: KU-lwa, DO-to. Mafupi, irabu tofauti, herufi tofauti. O-PI-yo, o-DO-ngo. Waliotunga walikuwa na viwanja vikubwa kuliko changu. Na asikudanganye mtu kwamba ni majina ya kitoto yatakayomwangusha mtu ukubwani: mwaka 2023 Tanzania ilipata Naibu Waziri Mkuu aitwaye Doto.

Ugumu wangu ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni wa hapahapa Mwanza: shuleni kwangu Kulwa ni wengi hadi tunawaita kwa madarasa, "Kulwa wa Nne B", "Kulwa wa dirishani". Jina linalokutofautisha na ndugu yako tumboni halikutofautishi tena na jirani yako dawatini. Wa pili ulikuwa Rehema. Kulwa anamhusu Doto, Doto anamhusu Kulwa, na Shija ambaye hata hajatungwa mimba tayari ana nafasi kwenye foleni. Aliyetangulia wote hana kitu. Ni Waganda niliowakuta wamemkumbuka: kwao mtoto aliyewatangulia mapacha ana jina lake, Kigongo. Nilipomwambia mume wangu hilo, alikaa kimya, akasema, "Hao walifikiri."

Tulimaliza hivi, na nadhani ndivyo nyumba nyingi zinavyomaliza. Cheti kina majina yetu. Nyumbani kwa bibi kuna yake. Nilimpigia simu nikamweleza kwa adabu. Akacheka. "Andikeni mnavyotaka huko serikalini. Mimi nitawaita Kulwa na Doto." Na ndivyo anavyowaita, na wanaitika.

Ushauri wangu kwako uliye katika hali hii: amua mapema jina la mila litakaa wapi, kwenye cheti au kinywani, na umwambie bibi kabla watoto hawajazaliwa. Akiambiwa baada, ni dharau. Akiambiwa kabla, ni mazungumzo. Na usimwambie mume wako akamwambie. Nenda mwenyewe.

Wakikuyu, nimeambiwa na mwalimu mwenzangu aliyeolewa Nyeri, mambo yao yamepangwa zaidi: mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama. Binti akiwa ametangulia, mapacha wa kiume wanawamaliza mababu wote wawili kwa mkupuo. Mkubwa akiwa mvulana, babu wa kwanza amekwisha kuchukuliwa, na hapo mapacha wanaanzia kwa babu mzaa mama kisha mjomba au baba mdogo. Kwa hiyo kule swali la jina linalomfaa mkubwa lina jibu tayari. Niliona wivu kidogo.

Jina la pili lisiwe makombo

Hapa ndipo tulipokaribia kukosea kabisa. Fadhili lilikuwa na mwaka mzima wa kupendwa. Lilikuwa na ahadi, lilikuwa na wimbo ambao Rehema alilitungia. Jingine lolote lililokuja lilikuwa la kujaza nafasi. Unaweza kulijua jina la namna hiyo kwa sababu inayotolewa: "linaendana." Linaendana na nini? Mtoto siku moja atauliza kwa nini anaitwa hivyo, na pacha wake atakuwa amekaa palepale akisubiri kulinganisha majibu.

Tukachukua karatasi, tukaandika kila jina na sentensi moja ya sababu. Ya Fadhili ilijaa mistari mitatu. Ya Daudi ilikuwa "ni fupi". Ya Kelvin tuliikosa. (Na Rehema alikwisha kumkataa Daudi kwa hoja nzito: Daudi wa chekechea anafinya.)

Amani lilikuwa na sentensi ambayo mimi nilikuwa naiona na mume wangu haioni. Amani ni mahali. Ni juu kule Usambara Mashariki, wilayani kwetu Muheza, msituni, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka pande zote za dunia ipo mpaka leo. Baba yangu alikuwa dereva, akipandisha mizigo na watu mlima ule, na likizo alikuwa akinichukua. Barabara ina kona, ukungu unaingia dirishani, na ukifika unavaa sweta mwezi wa kwanza. Sijawahi kuwa mahali pengine penye jina linalosema kweli namna ile.

"Kwa hiyo," akasema mume wangu, "mwanangu unampa jina la kituo cha basi."

Wiki nzima alinitania hivyo. Lakini alipoona baba yangu kwenye simu amenyamaza, halafu akauliza, "Kweli?", utani ulikwisha. Sentensi ya Amani ikawa ndefu kuliko ya Fadhili, tukalazimika kuongeza ya Fadhili.

Jambo jingine dogo kuhusu majina yaliyo maneno ya kawaida: yasome ndani ya sentensi. Kanisani mchungaji akisema "Amani iwe nanyi", macho ya watoto wote yatamgeukia. "Sina amani leo," Rehema anapenda kusema akimficha mdogo wake chini ya kitanda. Hayo yanavumilika. Yasiyovumilika ni pale majina mawili yanapoungana kuwa sentensi msiyoitaka. Tamka yote matatu pamoja kwa mpangilio tofauti mbele ya mtoto wa darasa la tano. Kama kuna mzaha ndani yake, atauona kabla hujamaliza.

Mpe mkubwa kazi, usimpe kura

Kumwambia mtoto wa miaka mitano "chagua jina la mdogo wako" ni kumtafuta Spaidamani nyumbani kwako. Rehema alipendekeza jina la mbuzi wa jirani. Lakini kumwacha nje kabisa ni vibaya zaidi. Sisi tulimpa turufu moja ya kukataa, akaitumia kwa Daudi, na kazi moja ya kweli: siku ya kuwaona, yeye ndiye atakayesema yupi ni Fadhili na yupi ni Amani. Majina mawili yalikwisha kupita mitihani yote, kwa hiyo hakuwa na namna ya kuharibu.

Kuna na suala la jina lako wewe mzazi. Mimi ni Mama Rehema tangu alipozaliwa. Walipokuja mapacha, sokoni nikawa Mama Mapacha ndani ya juma moja. Muuza dagaa wangu ndiye aliyeanza. Watu wanafurahi, hawana nia mbaya. Lakini mtoto aliyekuwa akisikia jina lake kila mama yake anapoitwa, ghafla halisikii. Nilikuwa nikiitika, "Mama Rehema yupo," nikitabasamu, mpaka wakazoea. Muuza dagaa hajazoea.

Hospitali, kliniki, cheti

Walizaliwa wakifuatana kwa dakika kumi na moja. Tulisubiri Rehema aje, na Rehema alikuwa na mafua, wodi haikumruhusu. Ikawa siku sita. Hapo ndipo kosa letu lilipotendeka. Kadi zao za kliniki ziliandikwa "Mtoto wa" na jina langu, zote mbili, na pembeni "pacha wa kwanza" na "pacha wa pili" kwa kalamu iliyofifia. Walipopimwa uzito siku ya kwanza ya kliniki, wote wawili waliandikwa kwenye kadi moja, mmoja chini ya mwingine, kama mtoto aliyepungua gramu mia tatu kwa dakika tano. Niligundua nyumbani, nikarudi na bajaji mchana wa jua kali. Walirekebisha. Lakini hesabu ya nani ni nani ilitegemea uzi mwekundu niliomfunga wa kwanza mkono wa kushoto, na uzi ule ulikuwa umelegea.

Kwa hiyo majina yawe tayari kabla ya kutoka hospitali, hata kama sherehe ni ya siku ya saba au ya ubatizo. Waislamu wenye kuwachinjia akika siku ya saba mnajua hesabu: mbuzi wawili kwa kila mvulana, na mapacha wa kiume ni wanne. Anza kuweka akiba ukiwa bado unatafuta majina.

Kwenye karatasi za serikali kumbuka hili. Kwetu mtoto huandikwa jina lake, la baba na la babu. Mapacha wa kiume wanashirikiana la baba, la babu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na pengine sura. Kinachowatenganisha ni jina la kwanza tu. Ndiyo maana nilisisitiza herufi tatu tofauti: R, F, A. Nimewahi kuona matokeo ya ndugu wawili wenye "H" yakibandikwa kinyume ubaoni, na aliyefeli akashangilia mpaka saa nane mchana.

Sheria ya Tanzania Bara inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90. Nenda na cheti cha mkubwa mkononi. Herufi kwa herufi, jina la baba na la babu liwe kama lilivyo kwake: kama kwa Rehema ni Yohana, kwa wadogo lisiwe Johana wala Yohanna. Amua tahajia ya majina mapya pia, uiandike kwenye kipande cha karatasi, umpe karani aione. Fadhili, siyo Fadhil. Amani, siyo Aman wala Amanii. Soma kabla ya kuondoka dirishani, cheti kimoja kimoja, ukiwa umewashika watoto kwa mpangilio uleule.

Rehema alikuja kuwaona siku ya sita. Aliwatazama kwa muda, akamwekea kidole yule mwenye uzi mwekundu. "Huyu Amani." Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu yule mwingine analia kama Fadhili." Hivyo Kulwa akawa Amani, na jina tulilolisubiri mwaka mzima likamwendea Doto.

Bibi yao anapiga simu kila Jumapili. Miezi ya mwanzo alikuwa akianza, "Kulwa hajambo? Doto hajambo?" na kukata. Rehema akachukua simu siku moja akamuuliza, "Bibi, na mimi?" Tangu hapo anaanza na Lehema, anauliza amekula nini, shuleni vipi, ndipo anashuka kwa wadogo. Mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, ananiuliza mimi habari za Shija. Nimemwambia Shija asubiri.